Kompyuta Nne, Kikasha Kimoja

Najat alikuwa amefika hatua ya saba kati ya kumi na mbili alizojiandikia kwenye daftari, na hapo hapo kompyuta ndogo ya wifi yake ikamwambia kwa mara ya tatu kwamba imeshindwa kuzungumza na seva. Aliweka alama ndogo ya mkasi pembeni ya namba saba, akarudi namba nne, akaanza upya.

"Wifi, hiyo saba imekukalia vibaya," Zubeda alisema. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, sinia la bamia mapajani, anakata vikonyo kimoja kimoja. "Toka saa nane uko nayo. Mie ningekuwa nimeshajifunza cherehani."

"Haijanikalia. Inaniudhi tu."

"Ikishakuudhi ukashiba uniambie, nikuletee dawa ya kichwa."

Najat alitabasamu bila kuinua macho. Utani wa wifi haujibiwi wote. Ukijibiwa wote siku haiishi. Na alijua kwamba leo Zubeda alikuwa anatania ili asilie.

Jumanne ya wiki ile, saa saba mchana, Zubeda aliona kwa macho yake mstari mmoja kwenye kikasha cha barua pepe cha nyumba. Ulitoka chuo cha uuguzi alichoomba nafasi kwa mwaka wa pili mfululizo. Kichwa chake kilisema amechaguliwa, ajaze fomu iliyoambatishwa na kuirudisha kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Kabla hajaubofya, umeme ukakatika. Kompyuta yake betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu, ikazimika palepale. Umeme ulirudi alasiri, yeye akiwa ametumwa sokoni; alipoiwasha baada ya magharibi mstari haukuwepo. Alitafuta juu, akatafuta chini, akatafuta hadi kwenye taka. Leo ilikuwa Alhamisi.

Haikuwa barua ya kwanza kupotea. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Najat aunganishe kompyuta zote nne za nyumba ile ya Mtoni, Temeke, kwenye anwani moja, na kwa wiki zote tatu barua zilikuwa zinaingia na kuyeyuka. Mwaliko wa harusi ya binamu uliyeyuka. Taarifa ya kukatwa kwa maji iliyeyuka, watu wakashtukia bomba limekauka na ndoo ziko tupu. Kila kilichoyeyuka, lawama ilimfuata yeye, kwa sababu ndiye aliyeunganisha, na mle ndani hakuna mwingine aliyejua seva ni mnyama gani.

Mambo hayo alijifunza bila mwalimu, kwenye kibanda chake cha steshenari, kwa kuharibu na kutengeneza, huku akiandika kila alichobonyeza. Lakini wazo la anwani moja halikuwa lake. Lilikuwa la baba mkwe wake, Mzee Mwishehe, aliyetumikia masjala ya wizara miaka thelathini na moja, akipokea barua za serikali, kuzigonga muhuri na kuzifaili, mpaka alipostaafu. Nyumba yake siku zote ilikuwa na sanduku moja la posta, na ufunguo alikaa nao yeye. Zilipoingia barua pepe alitoa tamko moja tu: barua za nyumba zipite mlango mmoja, na zisomwe nyumbani, si kwenye simu barabarani. Wakubwa wakanung'unika, wakatii. Hata Zubeda alipoomba chuo aliandika anwani ya nyumba.

Najat alitazama kona ya chini ya kioo, pale penye saa. Akasogeza uso, akatazama tena. Kompyuta ilikuwa inaamini kwamba leo ni tarehe mosi Januari, mwaka 2012.

"Zubeda, mwaka 2012 ulikuwa wapi?"

"Darasa la tano. Kwani vipi?"

"Basi kompyuta yako bado iko darasani. Betri ilishakufa, na jana umeme ulikatika usiku kucha, saa yake ikapotea. Seva inaona mtu wa 2012 anapiga hodi, inakataa kumfungulia."

Alirekebisha tarehe. Hatua ya saba ikapita kama haijawahi kugoma. Najat alitaka kuikasirikia saa nzima aliyoipoteza, akaona hana nafasi ya kukasirika.

Kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwa anwani ya kibandani, alituma kwenye kikasha cha nyumba barua fupi yenye kichwa "Jaribio la kwanza". Ikatokea kwa Zubeda. Ikatokea na kwake. Hizo zilikuwa mashine mbili zilizothibitika. Ya tatu ilikuwa ya mumewe Mudathir, wakala wa forodha, ambaye aliondoka nayo Jumanne mchana kwenda Tunduma kufuatilia mizigo ya watu. Ya nne ilikuwa ile kubwa ya sebuleni, yenye printa, na hiyo ndiyo iliyomtia shaka tangu mwanzo. Alishaona kibandani kwake: mashine moja inaweza kuwekwa ichungulie tu kikashani kama mtu wa dirishani, na nyingine ikawekwa ivute barua na kuzibeba, ikiacha kikasha kitupu. Zote nne alikuwa ameziweka zichungulie. Au ndivyo alivyoamini.

Shida ilikuwa kuifikia hiyo ya nne. Asubuhi ilifunikwa kitambaa cha kufuma na Mzee Mwishehe akakaa pembeni yake na redio. Kuanzia alasiri hadi magharibi aliitumia mwenyewe. Na mkwe hamwambii baba mkwe, naomba uinuke hapo.

Walimsikia akirudi kutoka msikitini. Kiti kikavutwa. Dakika chache baadaye printa ikaguna. Zubeda, aliyekuwa amesogea kutazama kioo, akaweka kisu chini.

"Wifi. Imeondoka."

Mstari wa Jaribio la kwanza haukuwepo. Najat akatazama kwenye ya kwake. Na huko haukuwepo.

Akatuma Jaribio la pili. Likaingia, wakalitazama wote wawili kama watu wanaotazama maziwa jikoni yasije yakafurika. Sebuleni printa ikaguna. Kikafuata kishindo kidogo, kama mtu amegonga meza kwa chini ya kikombe. Mstari ukatoweka.

"Huyo ni baba," Zubeda alisema.

"Sijui bado."

"Hujui nini? Masikio si unayo?"

"Inawezekana ni mashine yenyewe, mpangilio wake umebadilika. Sijaiona, siwezi kusema."

Akatuma la tatu. Likaingia, printa ikaguna, kishindo kikasikika, likapotea. Najat akaandika saa na dakika za yote matatu kwenye daftari, na chini yake akapiga mstari kwa rula.

"Unapiga rula," Zubeda alisema taratibu. "Nafasi yangu inakata roho, wewe unapiga rula."

Najat alifunga daftari, akatoka uani. Bi Mwajabu, mama mkwe wake, alikuwa ameinamia jiko la mkaa, anapuliza.

"Mama, nina shida kidogo na ile kompyuta ya baba. Nilikuwa naomba unisaidie kumwambia..."

"Mie simo," Bi Mwajabu alisema kabla hajamaliza.

"Mama, hujanisikia."

"Nimekusikia toka juzi. Mie simo. Nimeolewa na masjala mwaka wa arobaini na mbili huu. Siku niliyojifungua huyo Zubeda, baba yake alifika wodini akauliza karatasi ya hospitali iko wapi, ndipo akauliza nimejifungua nini. Kabati langu la vikombe kaligeuza la mafaili, vikombe vinalala kwenye ndoo. Nimesema kitu? Sijasema." Alijifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Ila chai yake ya alasiri bado. Ukitaka kumpelekea, mpelekee. Mwenye chai hafukuzwi."

Najat alibeba chai kwa kisinia cha bati, na vitumbua viwili.

Kwa wiki tatu hizo hakuwa ameingia sebuleni kwa muda wa kutosha kupatazama vizuri. Kabati la vioo lilikuwa limejaa majalada, kila moja na karatasi nyeupe mgongoni iliyoandikwa kwa herufi kubwa za mkono mmoja. Mezani kulikuwa na trei mbili za plastiki, moja ZINAZOINGIA, moja ZINAZOTOKA, rejesta ndefu yenye jalada gumu, kidau cha wino na muhuri. Mzee Mwishehe alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea na shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Chai, baba."

"Ahsante mwanangu. Iweke hapo, mbali na karatasi. Kaa." Alionekana mtu aliyefurahi kupata mgeni. "Leo kazi ipo. Zimeingia tatu, zote za mwandishi mmoja. Jaribio la kwanza, la pili na la tatu. Hazina maelezo yoyote, lakini zimepokelewa. Nimezifungulia jalada."

Alimwonyesha. Mgongoni paliandikwa MAJARIBIO, JUMLA. Ndani, barua za Najat zilikuwa zimechapwa, zimetobolewa, zimefungwa kwa uzi wa kijani, na kila moja ina muhuri wa NYUMBA YA MWISHEHE, IMEPOKELEWA, na namba ya folio, yaani ya karatasi ndani ya jalada, pembeni kulia kwa wino mwekundu.

Najat alizitazama kwa muda.

"Baba, na zikishaingia kwenye jalada, kule kwenye kompyuta zinakuwaje?"

"Zinatoka. Barua haikai sehemu mbili. Ikikaa sehemu mbili, kesho watu wawili wataijibu, kila mtu na lake. Niliwahi kuona idara nzima inagombana kwa sababu hiyo." Alikoroga chai. "Naziondoa kwenye trei, naziweka takani, na jioni kabla ya kufunga ofisi namwaga taka. Ndoo haiachwi imejaa usiku."

"Na wenye barua zao?"

Mzee Mwishehe aliweka kijiko chini. "Hapo ndipo pananishangaza. Nawasubiri. Jalada lipo, rejesta ipo, mtu anakuja masjala, anasaini, anachukua. Wiki tatu sasa, hajaja hata mmoja. Nikamwambia mama yenu, watoto wa siku hizi hawajali barua."

Kwa hiyo yote yalikuwa pale. Mwaliko wa harusi. Taarifa ya maji, folio namba moja, jalada la HUDUMA. Wiki tatu alizokaa akibadilisha mipangilio, akisoma maelezo kwa mwanga wa simu, akitukanwa kwa utani na bila utani, barua zilikuwa hatua kumi kutoka chumbani kwake, zimefungwa kwa uzi. Najat alijisikia kucheka na kujisikia kuvunja kitu, vyote kwa pamoja, na kwa kuwa aliyekuwa mbele yake ni baba mkwe, hakufanya hata kimoja.

"La Zubeda lipo, baba?"

Lilikuwepo, jembamba. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza, nakala ya maombi yake ya chuo. Ya pili ilikuwa na tarehe ya Jumanne, na haikuwa imetoka chuoni. Ilikuwa imekwenda chuoni.

"Mkuu wa Chuo. Yah: Barua yenu ya tarehe ya leo. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Barua yenu imepokelewa ikiwa haina sahihi, haina jina wala cheo cha mwandishi, na haina kumbukumbu namba. Tunairejesha kwenu pamoja na kiambatisho chake ili mkamilishe upungufu huo. Wenu katika ujenzi wa taifa, M. K. Mwishehe."

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili aliisoma akitafuta tumaini, na hakuliona.

"Hiyo bado hawajaijibu," mzee alisema. "Nimeweka kumbukumbu ya kuwafuatilia Jumatatu."

"Nimeona, baba. Naomba jalada hili kidogo, nalirudisha sasa hivi."

"Saini hapa."

Alisaini rejesta. Jina, saa, jalada namba ngapi, sababu ya kulichukua. Kwenye sababu aliandika, kusoma.

Zubeda alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye ujenzi wa taifa alikaa chini.

"Ameirudisha," alisema. "Nafasi yangu. Mie miaka miwili naomba, baba yangu mzazi anawarudishia."

"Alidhani ina kasoro."

"Usimtetee. Wifi, tafadhali, leo usimtetee mtu." Alishachukua simu. Aliipiga namba ya chuo, ikaita mpaka ikakatika, akaipiga tena. Chuo chenyewe kilikuwa mkoani, siku nzima kwa basi. Si mahali pa kukimbilia na bodaboda. Mara ya tatu ikapokelewa, na Zubeda akaeleza yote kwa pumzi moja, jina, namba ya maombi, fomu, Ijumaa.

"Dada," sauti ya mwanamume ilijibu, "mie mlinzi. Ofisi wameshafunga."

"Wanafungua saa ngapi kesho?"

"Wakija."

Zubeda aliitazama simu kama imemtemea mate. Akainuka. "Naenda kumwambia sasa hivi. Ajue alichofanya."

Najat alimshika mkono. "Ukienda hivyo atakasirika, na akikasirika hatakusikiliza. Halafu kesho hata ukipata fomu, ukaituma, watakujibu kwa barua gani? Ya mashine. Haina sahihi. Itaingia kwake, ataigonga muhuri na kuirudisha. Ngoja kwanza. Kaa. Nifikirie."

"Fikiria bila rula."

Najat alikaa kitandani, akafikiria bila rula. Kikasha kilikuwa kitupu, na sehemu ya zilizotumwa nayo mzee alikuwa ameimwaga. Taka ilishamwagwa Jumanne. Kompyuta ya Zubeda na ya kwake zilichungulia kikasha kila siku, na kila kilichotoka kikashani kilitoka na kwao. Ilibaki moja. Jumanne mchana, kabla ya kwenda stendi, Mudathir alikuwa mezani anakula huku kompyuta yake iko wazi, anatafuta karatasi za mizigo. Saa saba. Umeme ulipokatika yeye alikuwa na betri. Na kompyuta yake Najat mwenyewe ndiye aliyeiwekea ihifadhi nakala nzima ya kila barua, na viambatisho vyake, kwa kuwa huko anakokwenda mtandao ni wa kubahatisha. Kama tangu hapo haijaingia mtandaoni, barua bado imo. Na ikiingia mtandaoni tu, itachungulia kikasha, itaona barua haipo, nayo itaifuta ya kwake ili walingane.

Alimpigia. Nyuma ya sauti ya mumewe palikuwa na kelele za watu wanaogombea chipsi.

"Niko Makambako, basi limesimama tunakula. Alfajiri niko nyumbani, inshallah."

"Laptop iko wapi?"

"Hii hapa mezani. Naiunganisha na simu hapa, nione kama yule mteja kajibu kwenye anwani ya..."

"Usiiunganishe."

"Nimeshaiwasha."

"Umeiunganisha?"

"Inaomba nenosiri la simu, nalikumbuka hapa. Mbona unanong'ona?"

"Mudathir, izime. Usifungue kitu, usitafute kitu. Izime, ifunike, iweke kwenye begi, begi weka miguuni. Usiiguse mpaka unakuja kunikabidhi mkononi."

"Kwani kuna nini?"

"Baba. Na barua ya Zubeda ya chuo."

Mudathir alizaliwa katika nyumba ile. "Aah," alisema, kwa namna ya mtu asiyehitaji kuelezwa zaidi. "Amefaili?"

"Amerudisha."

"Naizima. Naizima sasa hivi, sikiliza." Ikasikika sauti ya kifuniko.

"Kwa nini usimwambie aitafute hapo hapo, bila mtandao?" Zubeda aliuliza simu ilipokatika.

"Kaka yako? Ukimwambia asiguse vitufe vitatu atagusa vinne. Nitaifungua mwenyewe, mtandao ukiwa umezimwa, niihamishie kwenye flashi. Kama imo."

"Kama imo."

"Kama imo. Sijaiona."

Sasa ilibaki sehemu aliyokuwa anaikwepa. Mumewe yuko njiani, mama mkwe hayumo, na yeye hawezi kusimama mbele ya Mzee Mwishehe akamwambia umekosea. Alilifungua tena jalada la Zubeda. Upande wa kushoto, ndani ya jalada, mzee alikuwa ameweka karatasi tupu yenye mistari, iliyoandikwa juu: MADOKEZO. Ni pale ambapo maofisa huandikiana. Hakuna ofisa hata mmoja aliyekuwa ameandika.

Najat alikuwa amechapa madokezo ya watu wengi kibandani kwake. Alichukua kalamu, akaandika taratibu kwa mwandiko wake bora.

"Mkuu wa Masjala. Moja, folio 2 imesomwa. Mbili, vyuo siku hizi hutuma barua kwa mashine, na mashine haina mkono wa kutia sahihi. Barua ile ilikuwa halali. Tatu, mwisho wa kuijibu ni kesho Ijumaa saa kumi jioni, na nafasi ya mhusika itapotea. Nne, nakala pekee inayoweza kuwa imebaki ipo kwenye kompyuta ya Mudathir, itakayofika alfajiri. Tano, kikasha cha nyumba ni trei moja inayotazamwa na maofisa wanne. Mmoja akiondoa barua, imeondoka kwa wote. Sita, naomba maelekezo yako kama barua zibaki kwenye trei hata baada ya kufailiwa, na taka isimwagwe. Naomba kuwasilisha. N."

Alilipeleka jalada, akasaini kulirudisha, akaliweka kwenye trei ya ZINAZOINGIA, akatoka.

Walikaa chumbani wakisikiliza. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Ikazimwa. Kwa muda mrefu hakikusikika kitu, si printa wala muhuri. Zubeda alimaliza bamia zote, akaanza kukata vikonyo vilivyokwisha kukatwa.

"Zubeda," mzee aliita. "Njoo usaini jalada lako."

Najat alimfuata wifi yake mpaka kwenye pazia la mlango, akabaki hapo. Mzee Mwishehe hakuwa ameinua macho. Chini ya maandishi ya Najat palikuwa na mistari mipya kwa wino mwekundu, na Zubeda aliisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisomea hukumu yake mwenyewe.

"Nimeona. Sikuwa na taarifa kuwa barua za mashine ni halali. Barua zote zibaki kwenye trei mpaka mhusika asaini. Taka isimwagwe bila kibali cha N. Swali: mashine ikikosea, nani anawajibika?"

"Baba, kesho ndiyo mwisho," Zubeda alisema. Sauti yake ilikuwa imekakamaa.

"Nimesoma."

"Miaka miwili."

"Najua. Maombi ya mwaka huu yamo humo, ya mwaka jana yamo kabatini." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Barua isiyo na sahihi, aliyeiandika anaweza kuikana. Nimeona watu wanafukuzwa kazi na barua zao mkononi, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa kaiandika. Nilitaka ya kwako wasiweze kuikana."

Zubeda alichukua kalamu, akasaini, akaibonyeza kalamu ile mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Mzee alilitazama tundu, akaliacha lilivyo.

Adhana ya magharibi ilipoanza, alinyoosha mkono kwenye kipanya kwa mazoea, kwenda pale kwenye taka. Akausimamisha hewani. "Naizima hivi hivi?" aliuliza, bila kusema anamuuliza nani.

"Hivi hivi, baba," Najat alisema toka mlangoni. "Kesho nikija kuiangalia naomba nikae hapo kwenye kiti chako kwa nusu saa."

Mzee alifikiri. "Njoo baada ya chai. Nitakuwa nje." Akaondoka kwenda kutawadha.

Zubeda alikuwa ameegemea kabati la majalada. "Na kama haimo kwenye hiyo laptop?"

"Saa mbili tutaanza kupiga simu. Mpaka wapokee."

"Na wasipopokea?"

"Sijui, wifi. Nikikwambia najua nitakudanganya. Leo siwezi kufanya zaidi ya hapa."

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki. Mudathir akifika getini na begi lake, kompyuta ikiwa imeamka kwa bahati mbaya, itautambua mtandao wa nyumba na kujiunga yenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Najat aliinama nyuma ya kabati, akazifuata nyaya kwa vidole mpaka akaupata ule wa ruta ya mtandao, akauchomoa ukutani. Taa za kijani zikazimika moja moja. Waya aliukunja, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Haikupita hata dakika tano. Kutoka chumbani kwa wazee, sauti ya Bi Mwajabu ikaja ndefu, ya mtu aliyeonewa.

"Nani kaondoa mtandao? Tamthilia yangu ndiyo kwanza inaanza."

Wifi wawili wakatazamana.

"Hamnisikii? Nyie watoto."

"Mama," Zubeda aliita, "kesho."

"Kesho ndiyo nini?"

Najat alikwenda uani kuinjika bamia.